Kitufe Kiko Muscat

Siku hizi nikiitwa mpendwa, nashika mkoba.

Mfanyabiashara akikuandikia "mteja wetu", mambo yako ni salama. Akihamia kwenye "dada", anza kusoma ujumbe mara mbili. Akifika "dada yangu", andika tarehe mahali. Na akisema "mpendwa wangu, Bwana asifiwe, natumaini mmeamka salama wewe na familia", basi kitu chako kimeshapewa mtu mwingine, na anachotafuta sasa ni namna ya kukufanya wewe uone aibu kukidai. Mwenye nyumba wa Morogoro alinipandisha vyeo vyote hivyo kabla hata sijakunja kanga ya safari.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama wa Tabata. Kazi hii haina mshahara, ina lawama tu. Kila mzunguko ukiisha tunagawana akiba, lakini fedha za faini hatugawani. Tunakwenda nazo matembezi. Faini zetu ni za kuchelewa, za simu kulia kikaoni, na za kumsema mwenzako kabla hajafika mlangoni (akishatoka ni bure). Kwa hiyo matembezi yetu yanagharamiwa zaidi na wachelewaji, na wachelewaji wanalijua hilo. Ndio wanaodai chumba chenye choo ndani.

Mwaka 2025 tukakubaliana Morogoro. Zanzibar ilipigiwa kura ikaanguka kwa sababu ya boti, maana kuna wenzetu wanaotapika hata kwenye kivuko cha Kigamboni. Morogoro watu wanauita mji kasoro bahari, na hiyo kasoro ndiyo iliyoupa ushindi.

Halafu kuna treni. Tangu Juni 2024, SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, mtu na shilingi zake 13,000 anafika Kihonda kabla saa mbili hazijaisha, wakati jirani yake aliyepanda basi bado anahesabu malori ya Chalinze. Na mwaka ule Nane Nane iliangukia Ijumaa, maana yake serikali yenyewe imetupa siku tatu mfululizo za kukaa mbali na waume zetu. Nikakata tiketi mapema, za kwenda na kurudi, za watu wote. Zikumbukeni tiketi hizo.

Nyumba tuliipata kwenye programu moja ya simu ya kupangishia nyumba za mapumziko. Iko Bigwa, ukipanda mlimani, pale lami inapokata tamaa. Kwenye picha ilikuwa na kibaraza kipana, migomba, majiko mawili, na nyuma yake kilele cha Lupanga, zaidi ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, kimejifunga wingu kichwani. Programu ilitaka kadi ya benki. Kadi yangu iliulizwa ikanyamaza. Ya Katibu ilijibu kwamba haitambuliki. Ndipo mdogo wake Mwenyekiti, anayefanya kazi Muscat, akalipa kwa kadi yake na sisi tukamrudishia. Nafasi ikasoma jina lake, na vitufe vyote, cha kuthibitisha, cha kubadili na cha kughairi, vikabaki kwenye simu yake huko Oman.

Mwenye nyumba alifurahi mno. Akanitumia ujumbe wa sauti mrefu wa kutukaribisha. Ni mtu wa Bukoba, alinieleza bila kuulizwa, pamoja na bei ya vigae vya sebuleni na nchi vilikotoka. Mwezi mzima wa Juni nilikuwa "mteja wetu".

Mwishoni mwa Julai, asubuhi na mapema: "Habari za asubuhi dada. Kuna changamoto kidogo ya maji huku mlimani."

Sasa nisikilizeni. Mto Ruvu unaanzia wapi? Uluguru. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam inatoka wapi? Mto Ruvu. Yanateremka kutoka milima hiyo hiyo, yanachotwa kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, yanasafishwa, yanasukumwa kwenye bomba mpaka Tabata kwangu, nami nayalipia bili kila mwezi. Leo mtu aliyekaa kwenye chanzo ananiambia mimi niliyeko mkiani kwamba maji hakuna! Nikamjibu kwa upole wote alionifundisha mama yangu: "Usijali kaka. Tutakuja nayo na madumu kutoka Dar, tukurudishie." Alichukua muda mrefu kujibu. Nilikuwa naona pale juu "anaandika", halafu inapotea, halafu "anaandika" tena. Mwisho akatuma kidole gumba.

Kesho yake nikawa dada yangu. Kumbe nyumba, dada yangu, imejengwa kwenye kiwanja cha ukoo wa mke wake. Mke ni Mluguru. Na mjomba wa mke amekuja juu, hataki wageni kwenye ardhi ya ukoo.

Hapa lazima nimpe haki yake: uongo huu ulifanyiwa utafiti. Waluguru wanahesabu ukoo kwa mama. Ardhi ya milimani kwa desturi ni ya ukoo, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na penye neno zito mjomba huzungumza kabla ya baba. Hata mtu aliyeazimwa shamba na ukoo usio wake huachiwa alime mahindi na maharage yake, lakini mti wa kudumu hapandi, kwa kuwa aliyepanda mti kesho atadai na udongo ulio chini yake. Sasa fikiria mume wa kutoka Bukoba aliyekwenda kuweka vigae vya ng'ambo kwenye ardhi ya ukweni. Mjomba akikohoa tu, mume anaweza kujikuta amebaki na vigae na risiti. Katibu wetu, ambaye mama yake ni mtu wa Matombo, aliposikia habari ya mjomba aliinamisha kichwa. "Kwa mjomba hapo," akasema, "tumekwisha."

Mwenyekiti hakuinamisha chochote. Akasema mjomba ni mtu, na mtu ana simu. Tumpigie tumwamkie, tumweleze sisi ni wamama watu wazima, hatuna vurugu, na pengine tumpelekee kitenge cha shangazi. Namba ikaombwa. Ikachelewa, ikaja. Tukaweka simu kwenye spika, tukakaa vizuri kama watu wanaokwenda kuposa.

"Shikamoo mjomba," tukasema kwa pamoja.

"Marahaba wanangu," ikajibu sauti ambayo haijapata kunyolewa ndevu, na nyuma yake kondakta akiita, "Msamvu, Msamvu, Msamvu, siti zipo!"

Hilo peke yake si kosa. Wajomba nao wanapanda daladala. Lakini Katibu alimwamkia kwa Kiluguru, salamu ndefu yenye adabu zake, na mlezi wa ardhi ya mababu akajibu, "Sema." Kisha mtandao ukawa mbaya.

Kinachoniudhi zaidi hapa ni historia. Milima ile ina watu wanaojua kukataa. Mwingereza alipowalazimisha kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko yao, kwa amri na kwa adhabu, walivumilia mpaka uvumilivu ukaisha, na Julai 1955 pale Matombo wakakusanyika wakasema hapana, usoni, mbele ya polisi wenye silaha. Damu ilimwagika, na mpango ule mkoloni akauacha. Watu waliiambia dola hapana! Huyu wa kwangu anaishi chini ya milima hiyo hiyo, anavuta hewa hiyo hiyo, na anashindwa kumwambia hapana mweka hazina wa kikoba. Angeniambia "mama, nimepata wateja wanaolipa zaidi, nawavunjia", ningemtukana kwa dakika kumi, kisha ningetafuta nyumba nyingine. Tungekuwa tumeshamalizana.

Baada ya mjomba wakaja nyuki. Wameingia darini, kundi kubwa, wakali, na mafundi wanaogopa. Mwenyekiti ana shemeji yake Sikonge, huko Tabora, mrina asali tangu utotoni, naye akaomba apelekewe picha ajue ni nyuki wa namna gani na kama kuna asali ya kuvuna. Picha haikuja. Mwenye nyumba akaombwa basi atume hata mlio wao kwa ujumbe wa sauti. Kimya.

Kikawa kimya cha kweli. Nikipiga simu inaita tu, na mlio aliouweka kwa wanaompigia ni wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, kama ilivyo haki ya kila mkazi wa Morogoro. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1979, lakini wiki ile alipokea simu zangu kuliko mwenye nyumba. Gitaa lake ninalijua sasa mpaka pale anapotaka kuanza kuimba, maana hapo ndipo simu ilipokuwa inakatika.

Ukweli aliutoa mlinzi. Nilikuwa na namba yake kwa ajili ya funguo, nikampigia kumwuliza kama barabara ya kupanda inapitika na Noah. Kijana mwenye heshima kabisa. Akaniuliza, "Samahani mama, nyinyi ndio wale wa mbolea?"

Nikamwambia hapana mwanangu, sisi ni wale wa mapumziko.

"Aa," akasema. Ilikuwa "aa" ya mtu aliyegundua kwamba ametoa siri ya bosi wake.

Kwa asiyejua, Nane Nane ya Kanda ya Mashariki, yaani Morogoro, Pwani, Tanga na Dar es Salaam, hufanyika Morogoro kwenye viwanja vya Mwalimu Julius Nyerere, kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti. Wiki hiyo mji unajaa watu wa matrekta, wa mbegu, wa dawa za wadudu, wa ng'ombe wa maziwa, wa benki zinazokopesha watu wa ng'ombe wa maziwa, na maofisa wa halmashauri waliokuja kuonesha boga kubwa. Wote wanatafuta pa kulala. Gesti zinapandisha bei, na chumba kilichokuwa cha kuwekea magodoro kinapata namba mlangoni. Kampuni moja ya mbolea ilikuwa imemfuata mwenye nyumba, inataka nyumba nzima kwa wafanyakazi wake mpaka maonesho yaishe, na bei iliyotaja, nadhani, ilimfanya mtu wa Bukoba aone vigae vingine.

Tamaa naielewa. Mimi nauza vitenge. Mtu akija na bei ya juu wakati kitenge kimeshawekewa kianzio na mwingine, mkono unawasha, sikatai. Sina ugomvi na tamaa yake. Ugomvi wangu ni kwamba yeye ndiye anayevunja ahadi, halafu kazi ya kuivunja nikabidhiwe mimi.

Maana ujumbe wa mwisho ulikuja, wa mpendwa wangu, na huu ndio uliokuwa na shabaha. Baada ya Bwana asifiwe na habari za familia, aliandika hivi: "Naomba unisaidie kitu kimoja tu. Wewe ndiye ughairi. Ukighairi wewe mfumo hauna shida. Halafu mimi nitakurudishia fedha yote kwa M-Pesa, na ya kutolea."

Mfumo hauna shida kwa nani? Mitandao hii ya kupangisha si mijinga. Chukua Airbnb, ile iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2008 na ambayo wengine wote wanaiiga. Kwa kanuni ilizoweka mwaka 2022, mwenyeji akimvunjia mgeni bila sababu ya maana zikiwa zimebaki saa 48 au pungufu, anatozwa nusu ya thamani ya nafasi ile. Zikibaki zaidi ya saa hizo lakini si zaidi ya siku 30, anatozwa robo. Akiwahi kabla ya siku 30, asilimia 10, na kwa vyovyote haishuki chini ya dola 50. Tarehe zile nazo hufungwa kwenye kalenda yake asiweze kumpangisha mwingine hapo hapo. Ndiyo maana mwenye nyumba aliyegeuka moyo hagusi kitufe. Anakuja kwako na maji, na mjomba, na nyuki, mpaka uchoke, uguse wewe. Ukigusa wewe, kwenye vitabu vya mtandao yeye ni mwenyeji safi na wewe ndiye kigeugeu. Na kama alichagua masharti makali, kama huyu wetu alivyochagua (nimeyasoma yote, nikavaa na miwani), mgeni anayeghairi dakika za mwisho harudishiwi hata senti.

Kwa hiyo hesabu yake ni hii. Sisi tubonyeze, fedha yetu ibaki kwake kupitia programu, achukue na ya watu wa mbolea, halafu tukae Tabata tunasubiri M-Pesa kutoka kwa mtu aliyetuokotea mjomba kwenye daladala. Na ya kutolea! Hiyo ya kutolea ndiyo iliyonichoma. Tangu serikali ilipoleta tozo za miamala mwaka 2021, hakuna mwanamke wa kikoba asiyejua gharama ya kutoa fedha mpaka shilingi ya mwisho. Unaniahidi ya kutolea, wakati hata ya kutuma hujaonesha nia nayo?

Nikaitisha kikao cha dharura. Wachelewaji walichelewa, wakatozwa, mfuko ukanona. Tunaye mwenzetu mmoja ambaye ni mzee wa baraza kwenye Mahakama ya Mwanzo, na yeye huwa haongei mpaka chai imekwisha. Chai ilipokwisha akasema kuna Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na kifungu cha 73 kinasema aliyevunja mkataba humlipa mwenzake hasara iliyotokana na kuvunja huko. Muhuri si lazima, na wakili wa mjini si lazima. Mmepatana, mmelipa, mmepokewa, basi ni mkataba. Tiketi za treni zinaingia kwenye hasara. Tukaanza kupiga makofi. Akanyoosha mkono.

"Lakini anayelipa ni aliyevunja," akasema. "Mkibonyeza nyinyi, aliyevunja ni nyinyi. Mtu yeyote asibonyeze."

Mwenyekiti akaniamuru niandike, naye akawa anasoma juu ya bega langu: "Kaka, salamu zako tumezipokea. Hatuna kinyongo. Kama nyumba haipo, ghairi wewe, sisi hatutakusema vibaya. Sisi kitufe hatuna. Kitufe kiko Muscat."

"Muscat?" akajibu. Ni jibu la haraka kuliko yote aliyopata kunipa.

Akamfuata mwenye kitufe huko huko, kupitia ile programu. Mdogo wake Mwenyekiti amekaa Oman miaka mingi na anafanya kazi ya zamu, kwa hiyo alikuwa akimjibu usiku wa manane, na alikuwa akimjibu neno moja: inshaallah kheri. Mwenye nyumba akaeleza habari za maji. Inshaallah kheri. Akaeleza za mjomba. Kheri inshaallah. Akaomba kwa unyonge kabisa kwamba kama inawezekana aghairi leo kabla ya saa sita. Akapelekewa picha ya waridi lenye maandishi ya Ijumaa njema. Nilionyeshwa mazungumzo yale nikacheka mpaka mume wangu akaja kuuliza. Mtu aliyezoea kukataa bila kukataa amekutana na mwenzake, tena aliyebobea.

Ikawa hakuna anayebonyeza. Yeye anaogopa kutozwa, sisi tunaogopa kupoteza, na tarehe zinasogea. Sitadanganya kwamba nililala vizuri. Nilikuwa naota tumefika Bigwa na mabegi, tunafungua mlango, kila kitanda kina mtu wa mbolea amelala na kofia ya kampuni. Mwenyekiti yeye alilala. Akaniagiza nimpigie picha tiketi zote za treni, nimtumie mwenye nyumba, na chini yake niandike: "Tunakuja. Tukikuta wageni ndani, hatutawaamsha. Tutalala kibarazani, mikeka tunayo. Tutapika kibarazani, masufuria tunayo. Na alfajiri tutaimba." Nikatuma. Alama mbili zikageuka bluu papo hapo.

Wiki ya Nane Nane ilipofika katikati, simu ikaita. Yeye. Si ujumbe, simu kabisa. Maji yamerudi! Na mjomba amelainika, amesema wamama ni baraka. Na nyuki, huwezi kuamini, wamehama wenyewe usiku.

Mlinzi ndiye aliyenieleza kilichowahamisha. Mhasibu wa kampuni ya mbolea alifika kulipa, akaomba risiti ya EFD, kwa sababu bila hiyo masurufu yake hayafungi na makao makuu hawatamwelewa. Mwenye nyumba hana mashine. Akatoa kitabu cha risiti cha dukani na kalamu. Mhasibu akakitazama kile kitabu, akawarudisha watu wake kwenye gari, wakaenda kulala kwingine, sijui wapi, na sijali. Nimefanya biashara miaka yote hii nikiiombea mabaya ile mashine. Siku ile niliiombea maisha marefu.

Tulikwenda. Treni iliondoka kwa wakati na ikaacha mchelewaji mmoja, aliyekuja na basi akafika jioni akiwa amehesabu malori yote ya Chalinze. Maji ya nyumba ile yalikuwa mengi mno: tangi lilifurika usiku kucha juu ya dirisha langu. Kilele cha Lupanga kipo, lakini ili ukione kama kilivyo kwenye picha inabidi usimame juu ya mfuniko wa chemba ya choo, upande wa kushoto, na ndipo mpigapicha aliposimama, tulikuta hata alama za viatu kwenye saruji. Vigae ni vizuri, nasema kweli. Nyuki hatukuona hata mmoja. Tulikwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu, lile lililozinduliwa Februari 2021, tukanunua stroberi na njegere za Mgeta na mdalasini wa Kinole mpaka mabegi yakakataa kufunga. Wenye magoti walipanda mpaka Morning Side, kwenye lile jengo la zamani la Wajerumani. Sisi wengine tuliishia kwenye kijito cha kwanza, tukaloweka miguu kwenye maji ambayo baadaye yangeteremka mpaka Ruvu na kurudi kwangu kwenye bili.

Jumapili mwenye nyumba alikuja mwenyewe kuchukua funguo. Mtu mnene, mpole, suruali imepigwa pasi. Alituletea mkungu wa ndizi na hakugusia hata neno moja la yaliyopita, na sisi hatukugusia, tukasalimiana, tukaulizana habari za watoto, tukacheka. Namna hiyo ndiyo tulivyolelewa, na sidhani kama ni vibaya. Katibu peke yake ndiye aliyemwambia amsalimie sana mjomba. Akasema salamu zitafika.

Usiku akaandika kuomba nyota tano. Tulibishana ndani ya treni mpaka Pugu. Mwenyekiti alitaka moja. Mzee wa baraza alisema hukumu izingatie ndizi. Tukaagiza Muscat ziwekwe tatu, na zikawekwa. Akauliza, dada, hizo nyingine mbili vipi? Nikamjibu kuna changamoto kidogo.

Sasa niwaombe wenye nyumba wa Morogoro. Nane Nane si Idi, haisubiri mwezi uandame. Ni tarehe 8 Agosti kila mwaka, na wageni wa maonesho wanaanza kuingia mwishoni mwa Julai. Mnaowataka watu wa mbolea, fungeni tarehe hizo tangu Januari na mnunue mashine ya risiti. Mkishampokea mgeni na moyo ukageuka, bonyezeni wenyewe, mkatwe, yaishe. Na wewe mgeni mwenzangu, ukiitwa mpendwa na kuombwa usaidie kughairi, usisaidie.